Kalamu ya Mwalimu wa Nero

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilishindania neno hili: kwamba Kaisari Nero wa Rumi aliharibiwa na mama yake. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na tulishindwa vibaya. Kushindwa hakunisikitishi, maana ni jambo la kawaida katika mjadala. Kinachonisikitisha ni kwamba kengele ililia kabla sijafika penye kiini cha maneno yangu. Namshukuru Bwana Mhariri kwa kunipa nafasi nimalize.

Kwanza tuondoe kisiki kimoja njiani. Karibu kila msemaji siku ile, wa upande huu na wa upande ule, alisema kwamba Nero alipiga fidla huku mji wa Rumi unawaka. Fidla haikuwako duniani wakati ule; chombo cha Nero kilikuwa kinubi. Tena moto ulipoanza, mwezi wa Julai mwaka wa 64, yeye alikuwa Antium, mji wa pwani alikozaliwa. Alirudi, akafungua bustani zake ili waliounguliwa wapate pa kulala, na akapunguza bei ya nafaka. Kati ya mitaa 14 ya mji, ni minne tu iliyosalimika. Uvumi ulienea kwamba aliimba akiutazama moto, na katika kuukimbia uvumi huo akawasingizia Wakristo, akawaua kwa mateso ambayo hata watu wasiowapenda waliwahurumia. Kosa hilo la Wakristo ni lake kweli. Fidla ni hadithi. Nami naona kwamba tukishughulika na hadithi, wale waliokosa pamoja naye wanatoka kwa mlango wa nyuma bila kuulizwa neno.

Nataka kumwuliza mmoja wao. Naye ni Seneca, mwalimu wake.

Nero alizaliwa mwaka wa 37, na baba yake alikufa yeye angali mdogo sana. Mama yake, Agrippina, aliolewa na Kaisari Claudius mwaka wa 49. Mwaka uliofuata Claudius akamfanya Nero kuwa mwanawe, ijapokuwa alikuwa na mwana wake wa kumzaa, Britannicus. Agrippina alimtafutia mtoto wake mwalimu aliye bora kuliko wote. Seneca alikuwa amefukuzwa Rumi, akikaa kisiwani Corsica mwaka wa nane; huyo mama akamrudisha. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye ulimi mtamu, mwandishi wa vitabu vinavyofundisha jinsi ya kushinda hasira, tamaa na hofu. Vitabu hivyo vinasomwa hata leo, na vinastahili.

Claudius alikufa mwaka wa 54, na wengi waliamini kwamba mkewe alimlisha uyoga wenye sumu. Nero akawa Kaisari kabla hajatimiza miaka 17. Alisimama mbele ya watu akamsifu marehemu kwa hotuba nzuri, na hotuba hiyo iliandikwa na Seneca. Wazee waliokuwapo walinong'ona kwamba huyu ni mtawala wa kwanza wa Rumi kusema kwa maneno ya kuazima.

Wapinzani wangu walisema kwamba miaka mitano ya kwanza ilikuwa mizuri, kwa sababu Seneca na Burrus, mkuu wa askari walinzi, walimshika mkono kijana. Ni kweli, mambo mengi yalikwenda vizuri. Siku moja Nero aliletewa hati ya kuwaua wahalifu aitie sahihi, akasema laiti asingejifunza kuandika. Seneca aliipenda kauli hiyo hata akaitia katika kitabu alichomwandikia mwanafunzi wake juu ya huruma, na humo akamsifu kwamba hajamwaga damu. Lakini Britannicus alikuwa amekwisha kuanguka mezani, mbele ya wageni, mwaka wa 55, naye hakufikisha miaka 15. Watu wa Rumi walijua maana yake. Je, mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa hajui?

Sasa nifike mwaka wa 59, mahali kengele iliponikata.

Nero alichoka kutawaliwa na mama yake. Akamwalika Baiae kwa sikukuu, akamkumbatia, akampandisha katika merikebu iliyotengenezwa ili ivunjike yenyewe baharini. Dari yenye risasi nzito ikaanguka. Mtumishi mmoja wa kike akapiga kelele kwamba yeye ndiye Agrippina, akitumaini kuokolewa, na mabaharia wakamwua kwa makasia. Agrippina mwenyewe akanyamaza kimya, akaogelea ingawa ameumia begani, akafika nyumbani kwake.

Usiku ule ule Nero aliwaita Seneca na Burrus. Wote wawili walikaa kimya muda mrefu. Kisha Seneca akamtazama Burrus, akamwuliza kama askari wanaweza kuamriwa wamwue. Burrus akajibu kwamba askari walinzi hawatamgusa mtu wa ukoo ule. Mkuu wa manowari aliyeanza kazi na aimalize. Ikamalizwa.

Asubuhi ilitakiwa barua kwenda kwa Baraza la Wazee. Ilieleza kwamba Agrippina alimtuma mtu kumwua mwanawe, na kwamba merikebu ilizama kwa bahati mbaya tu. Nani angeweza kuamini? Lakini ilikuwa na maneno mazuri, na watu wote waliyatambua kuwa ni ya Seneca. Baraza likapiga kura ya kuishukuru miungu yao kwa kumponya Kaisari. Mzee mmoja, Thrasea Paetus, aliinuka kitini, akatoka nje bila kusema neno. Mmoja tu!

Ndiyo maana sikubali kwamba mama ndiye aliyemharibu. Mama alimfundisha kutamani. Na aliyetamani huweza kuona haya akajizuia. Mwalimu alimwonyesha kwamba hakuna jambo ambalo halina maneno mazuri ya kulieleza. Kijana wa miaka 21 alimwua mama yake, akangoja kuona litakalompata, akapata pongezi.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi tukaao katika nchi za Nile. Nero alituma maakida wawili wa askari wake wapande mto huo mpaka chanzo chake. Walifika kwenye vinamasi vikubwa, majani yamesokotana na maji hata mtu hawezi kupita kwa miguu wala kwa chombo, ila kwa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wengi hudhani ni vinamasi vya Sudd, katika Sudani ya Kusini ya leo. Habari hii tunaipata kwa Seneca mwenyewe, aliyeisikia kwa maakida hao. Nilifurahi sana nilipoisoma. Kisha nikaona jinsi anavyoianza: Nero aliwatuma, asema, kwa kuwa apenda wema wote, na kuliko wote apenda kweli. Aliyaandika hayo baada ya ile barua ya Baiae.

Mtu ataniuliza: wewe ungefanyaje? Pengine ningeandika barua ile ile, tena kwa maneno mabaya zaidi. Wengine husema kwamba kama Seneca angeondoka, mambo yangekuwa mabaya upesi zaidi. Lakini yalikuwa mabaya naye yupo, na wakati ule alikuwa amepata mali nyingi hata adui zake walimsema kwamba amekusanya sesta milioni 300 katika miaka minne. Burrus alipokufa mwaka wa 62, Seneca aliomba ruhusa apumzike, akataka kurudisha mali. Nero alimkatalia kwa hotuba tamu sana, kama mwanafunzi aliyeshika vema masomo yake. Mwaka wa 65 alimwamuru ajiue. Seneca alikufa kwa ushujaa, nalo nalikiri. Mwaka uliofuata Thrasea naye akaamriwa kufa.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu hatutakuwa Kaisari. Tutakuwa makarani, waalimu, wanasheria, na ndugu zetu waliotutangulia katika shule hii wengine wao tayari huwaandikia wakubwa hotuba zao.

Yaliyobaki ni mafupi. Nero alikuwa na vijana kama 5,000 waliofunzwa kupiga makofi kwa namna mbalimbali, namna moja ikivuma kama nyuki. Alipokwenda Uyunani mwaka wa 66 na 67 alirudi na mataji 1,808. Kule Olympia alianguka kutoka katika gari lake la farasi, hakumaliza mbio, na bado akapewa taji. Mwaka wa 68 Vindex aliasi katika Gallia, na Galba huko Hispania. Nero alishtuka usiku akakuta walinzi wameondoka, na watumishi wamechukua hata mashuka ya kitanda. Alikimbilia nyumba ya mtumwa aliyeachwa huru, nje ya mji, na huko alijichoma kisu kooni akisaidiwa na karani wake. Ilikuwa tarehe 9 Juni, naye alikuwa na miaka 30.

Alikuwa amewaza kwenda uwanjani amevaa nguo nyeusi, awaombe watu msamaha, ila aliogopa kwamba wangemrarua kabla hajafika. Baadaye hotuba ya msamaha ilionekana ndani ya sanduku lake la karatasi. Seneca hakuwapo wa kumwandikia; alikuwa amekufa mwaka wa tatu sasa.