Siti za Mbele Waachiwe Wanafunzi
Na Mwanaidi Hassani

Kila mwaka Januari inapoingia na baridi yake, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, huacha vitanda vyao vya bwenini wakaenda kulala kwenye mahema. Hema moja ni la watu kumi na wawili. Katika kipindi kigumu zaidi, kumi kati yao sharti walale humo kila usiku, na wasimamizi wa foleni wanaweza kuwatoa nje usiku wa manane wahesabiwe mmoja mmoja. Hema likikutwa na upungufu mara ya pili, nafasi imekwenda. Siku hizi hata kupata mahali pa kupiga hema kuna mtihani wake: maswali kuhusu timu na historia yake, na wanaofeli wapo. Yote hayo ni kwa ajili ya mechi moja ya mpira wa kikapu ya saa mbili, Duke dhidi ya North Carolina, ambayo wataitazama wakiwa wamesimama mwanzo hadi mwisho.

Kambi hiyo inaitwa Krzyzewskiville, kwa jina la kocha Mike Krzyzewski aliyeifundisha Duke kuanzia 1980 hadi 2022. Ilianza 1986, wanafunzi wachache walipopiga mahema nje ya ukumbi siku kadhaa kabla ya watani wao wa jadi kuja. Hakuna ofisi ya masoko iliyoibuni. Chuo kilikuja kuiwekea kanuni baadaye.

Utani wenyewe ni wa majirani. Kutoka Durham hadi Chapel Hill, kilipo Chuo Kikuu cha North Carolina, barabara haifiki hata kilomita 20. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1920, Duke ikiwa bado inaitwa Trinity. Miaka minne baadaye tajiri wa tumbaku, James B. Duke, alimwaga fedha na chuo kikachukua jina la ukoo wake. Hiki ni chuo binafsi, na wanafunzi wake wengi wanatoka majimbo mengine. Kile cha Chapel Hill ni cha umma, kilifungua milango mwaka 1795, na kanuni inakitaka kijaze darasa la mwaka wa kwanza kwa watoto wa jimbo hilo hilo, asilimia 82 au zaidi. Basi kwa shabiki wa Chapel Hill, Duke ni wageni wenye pesa waliokuja kujitapa nyumbani kwa watu. Kwa shabiki wa Duke, wale ni majirani wenye wivu. Hata rangi wanagombania: wote ni bluu, mmoja iliyokoza, mwingine ya anga.

Uwanjani hadithi zimejaa. Machi 2, 1974, Duke ilikuwa mbele kwa pointi nane zikiwa zimebaki sekunde 17, enzi ambazo mtupo wa pointi tatu haukuwapo. North Carolina ikazirudisha zote nane, ya mwisho kwa mtupo wa mbali wa Walter Davis, kisha ikashinda 96-92 katika muda wa nyongeza. Wapo wazee wa Chapel Hill wanaosimulia sekunde zile kama vile walizicheza wao.

Lakini hakuna mwaka uliotia chumvi kidonda kama 2022. Machi 5, Krzyzewski alikuwa anaaga katika mechi yake ya mwisho nyumbani. Wachezaji wake wa zamani zaidi ya 90 walikuja kumsindikiza. North Carolina, ambayo wengi hawakuipa nafasi, ikashinda 94-81, na mzee akalazimika kuchukua kipaza sauti na kuwaomba radhi mashabiki kabla ya sherehe yake mwenyewe kuanza. Mwezi haukupita, wakakutana tena New Orleans katika nusu fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo. Kwa zaidi ya miaka mia ya utani wao, hawakuwa wamewahi kupangwa pamoja katika mashindano hayo. Caleb Love akafunga pointi tatu zikiwa zimebaki kama sekunde 25, mechi ikaisha 81-77, na ushindi wa 1,203 wa kocha huyo haukuja tena. Usiku ule barabara ya Franklin, Chapel Hill, ilifurika watu na mioto. Kwamba North Carolina ilifungwa na Kansas katika fainali siku mbili baadaye, ni wachache wanaolikumbuka kwa uchungu huo huo.

Safu hii inaamini kwamba moto huu hauwashwi na makombe pekee. Unawashwa pia na mpangilio wa siti.

Ukumbi wa Cameron, wa Duke, ulifunguliwa 1940 na unachukua watu 9,314 tu. Siti za chini, pembeni kabisa mwa uwanja, ni za wanafunzi. Wafadhili wenye fedha wamewekwa juu. Mchezaji mgeni akitaka kurusha mpira kutoka nje ya mstari, anakuta nyuma yake ukuta wa nyuso zilizopakwa rangi, na mikono inayotikisika karibu na sikio lake. Sasa nenda Chapel Hill. Ukumbi wa Dean Smith, uliofunguliwa Januari 1986 kwa mechi dhidi ya Duke hao hao, unabeba zaidi ya watu 21,000. Ulijengwa kwa michango ya wafadhili, na wafadhili wakalipwa kwa siti nzuri. Matokeo yake, Sam Cassell wa Florida State alipocheza pale mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwakejeli mashabiki kuwa ni watu wa jibini na mvinyo. Dhihaka hiyo haijawatoka hadi leo.

Yapo maneno ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Wanafunzi wakiwekwa mbele huvuka mipaka. Mwaka 1984 matusi ya mashabiki wa Duke yalizidi hadi mkuu wa chuo, Terry Sanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, akawaandikia barua ya kuwasihi waungwana warudi. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya North Carolina. Vijana wakaja na taji za malaika kichwani, wakawakaribisha wageni kwa adabu zote, na mwamuzi alipowaudhi wakamwambia kwa pamoja kwamba wanaomba kutofautiana naye. Hapo mtu unacheka. Lakini miaka michache baadaye walimwinulia J.R. Reid, mchezaji mweusi wa North Carolina, bango la kudai kwamba hajui kusoma. Kocha wake, Dean Smith, aliona ubaguzi wa rangi katika bango lile na akasema hadharani, na alikuwa sahihi. Dawa yake ni kumtoa ukumbini mwenye bango. Kuwahamishia wote darini ni kuwaadhibu wasiohusika.

Wachezaji wenyewe wanapita tu. Luol Deng, mzaliwa wa Wau ambaye leo anaongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, alikaa Duke msimu mmoja. Khaman Maluach, kijana wa mita 2.18 aliyekulia Kampala, naye alikaa msimu mmoja, akaifunga North Carolina mara tatu mwaka 2025, akachaguliwa wa kumi kuingia NBA. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na wanaohama kila kiangazi wanaongezeka. Anayebaki miaka minne, halipwi senti na bado analala kwenye baridi, ni mwanafunzi wa kawaida.

Ndiyo maana mjadala wa Chapel Hill, kama waukarabati ukumbi wao au wajenge mwingine, unastahili kufuatiliwa hata na sisi tulio mbali. Watakaochora ramani watasikiliza kwanza wenye hundi, na hilo halizuiliki. Wawape hao viti vya ngozi, vyumba vya faragha na maegesho ya karibu. Safu chache za chini, kuzunguka uwanja mzima, wawaachie wanafunzi.