Usimchangie vali ya moyo kisha umtoroke

Unalijua lile bango la WhatsApp. Picha ya kijana wa rika lako, jina la hospitali, kiasi kinachohitajika na nambari ya M-Pesa ya mweka hazina. Unatuma soo mbili, unasambaza kwa grupu tatu, na baada ya wiki kadhaa ujumbe unaingia kwamba upasuaji umefaulu. Watu wanamshukuru Mungu, grupu linanyamaza, kila mtu anarudi kwa shughuli zake.

Mimi nasema hapo ndipo tunapoharibu. Kama alichofanyiwa ni kubadilishiwa vali ya moyo, siku ya kutoka hospitalini si mwisho wa stori. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na sisi tumeshatoroka.

Hebu kwanza jiulize kwa nini picha hizo huwa za vijana. Ulaya na Marekani, wengi wanaobadilishiwa vali ni wazee wa miaka 60, 70 na zaidi, ambao vali zao zimekakamaa kwa sababu ya umri. Huku kwetu mambo ni tofauti. Utafiti unaoitwa REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, katika nchi 14, Kenya ikiwemo. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Thuluthi mbili walikuwa wanawake. Miaka miwili baadaye, karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Hao ni wagonjwa wote, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Lakini soma tena ile namba ya umri. Hao ni watu wa rika letu.

Na chanzo chake? Koo. Mtoto anaumwa na koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka, anapewa chai ya tangawizi, anapona, mnasahau. Kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo na moyo wenyewe. Magoti yanavimba, homa inapanda, kisha yote yanatulia. Ikijirudia mara kadhaa, vali zinabaki na makovu, hazifunguki sawasawa au hazifungi. Miaka inapita kimya, hadi siku unaanza kuhema kwa kupanda ngazi za ghorofa ya pili. Wengine huambiwa ni pumu. Wasichana wengi hugundua wakiwa na mimba, kwa sababu wakati huo damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na moyo mbovu hauwezi kuisukuma.

Sasa turudi kwa upasuaji. Daktari akiona vali haiwezi kurekebishwa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni vali ya kutengenezwa, ile watu huita ya chuma. Inadumu miaka mingi sana, na usiku kukiwa kimya mwenyewe anaweza kuisikia ikigonga kama saa. Shida ni kwamba damu hupenda kuganda juu yake, kwa hivyo lazima ameze warfarini kila siku hadi kufa. Ya pili ni vali ya mnyama, ng'ombe au nguruwe. Hiyo mara nyingi haihitaji warfarini ya maisha, lakini kwa kijana huchakaa mapema, na ikichakaa anarudi tena chumba cha upasuaji.

Kwa msichana wa miaka 22 uamuzi huo ni mzito kuliko unavyosikika. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya kwanza. Akiiacha kiholela kwa sababu ya mimba, vali inaweza kuziba na yeye mwenyewe akafa. Kwa hivyo swali la kama anataka watoto linafaa kuulizwa kabla ya kisu, naye ndiye ajibu. Si mjomba mwenye pesa nyingi kwenye kamati ya mchango.

Halafu kuna kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa hiyo ni kama 1. Mwenye vali ya chuma kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3.5, kutegemea aina ya vali na mahali ilipowekwa. Ikishuka, bonge la damu linaweza kuziba vali au kupanda kichwani akapata kiharusi. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Na inayumbishwa na vitu vya kawaida kabisa. Leo sukuma wiki kila mlo, wiki ijayo hakuna, kipimo kimeyumba. Dawa ya maumivu kutoka kwa duka la mtaa, kipimo kimeyumba. Si kwamba aache mboga, bali ale kwa kiasi kisichobadilika sana. Sasa niambie, ni nani anayepangia chakula chake hivyo kama kinategemea kibarua cha siku?

Ule utafiti ulipata kwamba, kati ya waliopimwa miongoni mwa waliohitaji dawa za kuzuia damu kuganda, ni 28 tu kwa kila 100 waliokuwa na kipimo kinachofaa. Hiyo si hadithi ya madaktari wabovu. Ni hadithi ya nauli. Hospitali zinazopasua moyo nchini zinahesabika: Kenyatta, Mater na Aga Khan jijini Nairobi, Tenwek kule Bomet, Moi kule Eldoret na nyingine chache. Mtu akipasuliwa Nairobi kisha arudi kijijini Busia au Garissa, kipimo kinageuka safari. Mwezi wa kwanza ataenda. Wa nne atakopa. Wa sita atasema, "Si naskia tu niko poa?" Na kweli anasikia poa, hadi siku hiyo.

Najua utaniambia pesa zenyewe za upasuaji hupatikana kwa shida, mtu ataongezaje hesabu nyingine? Ni kweli, bila upasuaji wengine hawafiki hata Krismasi. Lakini kuweka vali ya mamia ya maelfu ya shilingi kisha kukosa nauli ya kuipima ni kama kununua boda mpya bila kubakisha hata ya mafuta. Kamati ya mchango iandike bajeti mbili: ya upasuaji, na ya mwaka wa kwanza wa dawa, vipimo na nauli. Mkikosa yote, angalau mjue mapema ni nini mmekosa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ukarimu wetu. Kipimo cha INR si roketi. Kuna mashine ndogo inayotumia tone la damu ya kidole, inayoweza kukaa hospitali ya kaunti ndogo. Sindano ya penisilini, ile ya kila wiki tatu au nne inayozuia homa ya rumatiki kurudi, ni dawa ya miaka na mikaka. Haifai kuadimika zahanatini. Tunalipa SHA tukiwa wazima. Tunayo haki ya kuuliza kama inamfikia aliyepasuliwa baada ya kurudi nyumbani, si akiwa kitandani pekee.

Na wewe? Ndugu yako mdogo akiumwa na koo pamoja na homa, mpeleke kliniki, na akipewa dawa amalize dozi yote. Kama una rafiki mwenye vali mpya, mkumbushe amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Na kama huna pesa ya kuchanga, una simu. Warfarini humezwa saa ileile kila siku, na wengi huimeza jioni. Mpigie, ongeeni za mpira na za mtaani, kisha muulize, "Umemeza?"

Muulize hata mwaka ujao, wakati wengine wote wameshasahau.