Kwenu mko wangapi? Anza kuhesabu jikoni

Kuna swali moja la SHA ambalo huwasumbua wateja wetu wa Migori na Homa Bay kuliko hata lile la mapato: kwenu mko wangapi? Linaonekana rahisi, lakini ukiishi kwa dala lenye nyumba nne, simba ya kijana langoni na wajukuu watatu kwa nyanya yao, utajibu ngapi?

Tukumbushane kwanza. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wa jua kali, wa omena na wa boda tunaulizwa maswali: nyumba imejengwa na nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mko wangapi. Majibu hayo ndiyo hutumika kukadiria mapato ya kaya, kisha unaambiwa ulipe ngapi kwa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Hapo ndipo watu hujipotezea. Mmoja anaficha watoto akiogopa atatozwa kwa kila kichwa. Mwingine anaongeza shemeji na binamu akidhani atahurumiwa. Wote wawili wanakosea. Mchango ni wa kaya nzima, si wa kila mtu, kwa hivyo kumficha mtoto hakukuokolei pesa kwa njia hiyo. Kunakuletea tu shida siku mtoto huyo atakapolazwa na jina lake halipo.

Maoni yetu ni haya: hesabu kwa sufuria. Hata kwenye sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wana mkuu mmoja na wanatumia kwa pamoja walicho nacho. Dala si kaya moja. Kama mama mkubwa ana jiko lake na mama mdogo ana lake, hizo ni kaya mbili, na tunashauri kila mama ajisajili kama mchangiaji badala ya kungoja kadi ya mzee. Kijana wa miaka 26 mwenye kazi yake hata kama analala simba ya kwa baba, naye ajisajili mwenyewe.

Na mvuvi anayekaa Muhuru Bay wiki tatu akifuata omena? Kama pesa yake na chakula chake bado viko nyumbani Karungu, yeye ni wa nyumbani.

Sasa tuje kwa simu. Wengi wenu mnatumia wazazi pesa kila mwisho wa mwezi kutoka Nairobi au Kisumu. Kutuma pesa hakukufanyi uwe wa kaya ya mama. Wewe una kaya yako, mama ana yake. Usimwache mama nje ya hesabu zote mbili ukidhani kadi yako inamfunika. Msaidie ajisajili kwa kitambulisho chake, halafu ukitaka kumlipia, lipa kwa namba ya kitambulisho hicho. Isome mara mbili kabla ya kuweka PIN, maana tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kuingia kwa mtu mwingine.

Jambo linalotuuma zaidi ni wajukuu. Kaunti hizi mbili ziliumizwa sana na Ukimwi, na nyanya wengi wamelea watoto wa watoto wao. Nyanya akiulizwa mko wangapi, anasema saba, na ni kweli. Lakini kuhesabiwa kaya ni kitu kimoja, kuandikwa kama mtegemezi ni kitu kingine. Orodha ya wategemezi hutazama mume au mke na watoto, tena huhitaji karatasi kama cheti cha kuzaliwa. Tunaona si haki nyanya azungushwe ofisi hadi ofisi ilhali kijiji kizima na chifu wanajua nani anamlisha mtoto yule. SHA na serikali za kaunti zirahisishe njia hiyo. Wakati tunangoja, usikae: uliza mapema, mtoto akiwa mzima.

Kwa nini haraka? Kwenye zahanati na kituo cha afya, huduma ya msingi inatakiwa kupatikana bila malipo, bora tu uwe umesajiliwa. Lakini ukilazwa hospitali ya rufaa, mchango lazima uwe umelipwa.

Fanya hivi wiki hii:

1. Piga *147# uone kama umesajiliwa na kama umejibu maswali ya mapato.
2. Kagua majina ya wategemezi moja moja. Anayekosekana, tafuta cheti chake.
3. Kama 3,600 kwa mpigo ni nzito, weka shilingi 10 kila siku kwenye akiba ya simu, au uliza kuhusu Lipa SHA Pole Pole.
4. Usimpe mtu yeyote PIN, hata akisema anakusaidia kusajili.

Jibu ukweli wa jikoni kwako. Ukipunguza watu, unamweka mtu wako nje. Ukiongeza wasio wako, unawanyima nafasi ya kuwa na kadi yao wenyewe.