Ondoeni Kiingereza Mlangoni mwa Du Fu

Mtu amemsoma Du Fu, mshairi wa kale wa China, hadi anajua kila shairi lilizaliwa mwaka gani, katika mji gani, na kwa njaa ya nani. Anataka kuendelea kumsoma. Anakataliwa, kwa kuwa hakufikisha alama za Kiingereza. Hili hutokea China kila mwaka, kwa kanuni iliyoandikwa na kupigwa muhuri, na wanaoisimamia husema wanalinda ubora. Mimi naiita dhuluma na sitaitafutia jina laini zaidi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anayetaka kusomea uzamili katika chuo kikuu cha China hufanya mtihani wa taifa mwishoni mwa Desemba. Siku ya kwanza asubuhi ni siasa, na mchana ni lugha ya kigeni, ambayo kwa walio wengi mno ni Kiingereza. Siku ya pili ni karatasi mbili za fani yake. Siasa ina alama 100, Kiingereza 100, na kila karatasi ya fani 150. Ukiishia hapo utaona fasihi imepewa haki yake, maana imebeba 300 kati ya 500. Lakini Wizara ya Elimu hutangaza pia kiwango cha chini cha kila somo, na hapo ndipo watu wanapomalizwa. Mwaka 2024, katika fani za fasihi, majimbo ya kundi A, yaani yale yasiyo na nafuu ya alama, yalidai jumla ya 365 na angalau 55 katika kila somo lenye alama 100. Aliyepata 54 ya Kiingereza alikuwa nje ya kiwango hata kama jumla yake ilifika 400, hata kama karatasi yake ya fasihi ya kale iliwashinda watahiniwa wote wa idara aliyoiomba. Mwaka huo waliojiandikisha, kwa fani zote, walikuwa milioni 4.38. Katika umati huo nani atasimama kumtetea wa 54?

Na anaulizwa Kiingereza gani? Laiti angepewa kurasa za Stephen Owen wa Harvard, aliyechapisha mwaka 2016 tafsiri ya mashairi yote ya Du Fu, akaambiwa aeleze anakubaliana naye wapi na wapi anampinga! Huo ungekuwa mtihani wa msomi. Anachopewa ni vifungu vinne vya ufahamu, ambavyo mara nyingi huchukuliwa na kufupishwa kutoka magazeti kama The Economist na The Guardian, vikizungumzia biashara, mahakama, sayansi au tabia za wateja, na chini yake maswali ishirini ya kuchagua jibu. Hayo peke yake ni alama 40. Kuna nafasi ishirini za kujaza, kuna sentensi tano za kutafsiri, kuna barua fupi, kuna insha juu ya picha. Muhtasari wa mtihani unadai maneno yapatayo 5,500. Hakuna hata sehemu ya kusikiliza. Anayefaulu hakuthibitisha kwamba anaweza kuzungumza na msomi wa nje wala kusoma kitabu chake. Amethibitisha kwamba ameuzoea mtihani huu.

Sasa tazama kazi inayomsubiri akivuka. Shuowen Jiezi, kamusi aliyoitunga Xu Shen takriban mwaka 100 BK, ina herufi za msingi 9,353, na mwanafunzi wa maandishi ya kale hana budi kuishi nayo. Mkusanyo wa mashairi ya enzi ya Tang uliofanywa kwa amri ya mfalme Kangxi mwanzoni mwa karne ya 18 una karibu mashairi 49,000. Bado sijataja maandishi ya mifupa ya ubashiri, wala ya vyombo vya shaba, wala miswada ya kale iliyopatikana katika mapango ya Dunhuang. Hii ni kazi ya umri mzima. Basi katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, akili ikiwa mbichi na hamu ikiwa kali, kijana huyu anavifunga vitabu hivyo ili akariri orodha ya maneno ya Kiingereza asubuhi, mchana na usiku. Anajua kabisa kwamba umahiri wake katika fani hautamwokoa akikosa alama moja upande wa pili. Miezi hiyo haitarudishwa na mtu yeyote.

Na mzigo huu haubebwi sawasawa. Mtoto wa Shanghai aliyekua na mwalimu mzuri wa Kiingereza hafanyi mtihani mmoja na mtoto wa kijiji cha milimani Gansu, ingawa karatasi ni ileile. Baadhi ya majimbo ya magharibi hupewa nafuu ya alama chache iwapo mtahiniwa anaomba chuo cha huko huko. Akithubutu kuomba chuo cha Beijing, nafuu hiyo imekwisha. Sisi tuliosoma sekondari Tanzania tunalifahamu lango la namna hii. Tumeona wenzetu walioijua historia vizuri wakianguka mtihani wa historia kwa kushindwa kuieleza kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mambo ya watahiniwa wa China hayanihusu, nitamjibu kwamba yananihusu sana.

Malalamiko haya si mapya. Mchoraji Chen Danqing, aliyeishi New York tangu mwaka 1982 na kuitwa nyumbani mwaka 2000 kufundisha Chuo Kikuu cha Tsinghua, aliandika barua ya kujiuzulu mwaka 2004. Watahiniwa aliowaona wanafaa walikuwa wakikwama kwenye Kiingereza na siasa, na yeye, profesa aliyeitwa kwa heshima zote, hakuwa na uwezo wa kuwachukua. Fani yake ni sanaa, lakini mtihani ni huohuo. Habari ilipotoka mwaka 2005, nchi nzima ilijadili. Kisha mjadala ukapoa, na kiwango cha chini kikabaki palepale.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kanuni hii inawatukana watu walewale ambao idara za Kichina huwatundika picha ukutani. Mwandishi Shen Congwen alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Mwaka 1929 Hu Shi, mwenye shahada za Marekani na Kiingereza cha kutosha kwa wawili, alimpa kazi ya kufundisha chuoni kwa sababu alijua kusoma alichokiandika. Qi Gong hakumaliza hata sekondari. Mwanahistoria Chen Yuan alimfungulia mlango mwaka 1933, naye akaishia kuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa nyaraka za kale katika Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing. Lin Shu hakujua lugha yoyote ya kigeni. Alikaa na wenzake waliozijua, wakamsomea, naye akaandika kwa Kichina cha kale. Kuanzia mwaka 1899 kazi za aina hiyo ziliwafundisha Wachina wa kizazi kizima riwaya za Ulaya zikoje. Hakuna kati ya watatu hawa ambaye kiwango cha 55 kingempitisha.

Najua nitatajiwa mwanahistoria Chen Yinke, na nafurahi akitajwa. Alisoma Berlin, Paris na Harvard, akajifunza Kisanskrit, Kitibeti, Kimanchu na lugha nyingine nyingi. Lakini alizitafuta kwa sababu maswali yake juu ya maandiko ya Kibudha na historia ya Tang yalimlazimu. Na mwaka 1932, alipoombwa kutunga maswali ya Kichina ya kuingilia Tsinghua, msomi huyu wa lugha nyingi kuliko wenzake aliwataka watahiniwa watunge mstari wa pili wa ubeti wa jozi, unaolingana na wa kwanza neno kwa neno na toni kwa toni. Alilaumiwa magazetini, naye akajitetea kwamba hapo ndipo unapomwona mtu anayeijua lugha ya Kichina toka ndani.

Ndiyo maana sisemi kwamba msomi wa fasihi ya Kichina abaki na Kichina peke yake. Nadai lugha zaidi ya hapo, ila ziwe zile anazozihitaji. Fani ya lugha na fasihi ya Kichina ina matawi manane katika vyuo vya China, na yote yanawekewa karatasi moja ya Kiingereza. Anayesomea fasihi linganishi anahitaji Kiingereza kweli, na kiwango cha 55 ni kidogo mno kwake. Anayechunguza sauti za Kichina cha kale atakutana na Bernhard Karlgren, Mswidi aliyeandika kitabu chake kikuu kwa Kifaransa, ambacho Zhao Yuanren, Luo Changpei na Li Fanggui walikitafsiri kwa Kichina mwaka 1940. Wa Dunhuang atakwenda London kwa miswada iliyochukuliwa na mwanaakiolojia Stein mwaka 1907 na Paris kwa ile iliyochukuliwa na Mfaransa Pelliot mwaka 1908. Kifaransa na Kijapani vitamfaa, na pengine Kitibeti. Wa mashairi ya Tang asiyejua Kijapani amejinyima maktaba nzima ya utafiti. Kwetu pia, mtafiti wa tenzi za kale hukwama kwa kutojua kusoma hati za Kiarabu; insha ya Kiingereza haimsaidii kufungua mswada hata mmoja. Ni kweli baadhi ya idara za China hupokea Kijapani au Kirusi badala ya Kiingereza. Ni jambo jema, lakini linategemea hisani ya idara, na hisani si haki.

Ipo hoja moja ya kupinga ninayoiheshimu. Wapo wanaosema Kiingereza ni karatasi ya taifa, wakati karatasi za fani mara nyingi hutungwa na kusahihishwa na chuo chenyewe. Ukikiondoa, walimu watazijaza nafasi kwa wanafunzi wao na watoto wa marafiki zao. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana upendeleo upo. Lakini dawa ya upendeleo haiwezi kuwa kumpima mtu kwa kitu asichokuja kusomea. Tungeni karatasi moja ya taifa ya Kichina cha kale, isiyo na jina la mtahiniwa, isahihishwe mbali na chuo alichokiomba. Mpeni ukurasa usio na alama za vituo, auweke vituo, aufafanue, aeleze umetoka zama zipi na kwa nini anafikiri hivyo. Hakuna mjomba atakayemfanyia kazi hiyo.

Wizara inaweza kuanza kabla karatasi hiyo mpya haijatungwa. Ifute kiwango cha chini cha lugha ya kigeni kwa fani ya lugha na fasihi ya Kichina. Alama za Kiingereza zihesabiwe ndani ya jumla, basi. Mwenye jumla inayotosha aitwe kwenye usaili, na walimu wamwulize utafiti anaoutaka unahitaji lugha gani, amefika wapi katika lugha hiyo, na chuo kitamfundishaje sehemu iliyobaki ndani ya miaka mitatu atakayokaa nao.