Majina Yetu Yanapomezwa na "Na Wenzake"

1.
Leo sigusi homa wala uji. Naongelea majina.

Humu ndani kuna mabinti wengi wako vyuoni huku wananyonyesha: uuguzi, utabibu, maabara. Ujumbe ninaopata sana msimu wa ripoti ni huu: "Dada nesi, mwalimu kakataa marejeo yangu, nifanyeje?" Nitawajibu. Lakini na wewe mama ambaye hujawahi kuandika ripoti maishani, usipite. Linakuhusu, utaona.

2.
Mtu akiandika utafiti, mwishoni anaweka orodha ya marejeo: nani alisema hili, wapi, mwaka gani. Ni kama kadi ya kliniki. Ukisema mtoto kachanjwa, nesi anakwambia lete kadi.

Siku hizi orodha hiyo haipangwi kwa mkono. Kuna programu za kompyuta kama Zotero na Mendeley, unachagua mtindo, inajipanga yenyewe. Kwenye afya mtindo unaotawala unaitwa Vancouver, jina la mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978. Kwa kawaida waandishi wakizidi sita, wanatajwa sita wa kwanza, kisha linawekwa neno la Kilatini "et al.", yaani na wengine. Majarida mengine yanakata mapema zaidi, yanabakiza watatu tu.

3.
Sasa njoo nyumbani. Nani anakumbuka neti za Zuia Mbu? Kuanzia 1997, mradi wa KINET ulisambaza neti zenye dawa Kilombero na Ulanga. Ziliuzwa madukani na kwa mawakala vijijini, na mama mjamzito au mwenye mtoto mdogo alipewa hati punguzo kliniki. Ile hati punguzo iliyoanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2004 ilishajaribiwa hapa bondeni kwetu.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001. Kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, neti yenye dawa iliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Mama anayelala kwenye kibanda cha shamba msimu wa mpunga na watoto watatu anajua uzito wa namba hiyo bila kufundishwa.

4.
Utafiti ule una waandishi 12. Nawataja wote, maana leo hakuna wa kunikata: Armstrong Schellenberg, Abdulla, Nathan, Mukasa, Marchant, Kikumbih, Mushi, Mponda, Minja, Mshinda, Tanner, Lengeler.

Kata kwenye sita. Mushi, Mponda, Minja na Mshinda wametoweka. Huyo Mshinda ni Hassan Mshinda, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha utafiti cha Ifakara na baadaye akaongoza COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Rudi nyuma kidogo, 1994, Lancet hiyo hiyo. Chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66 ilijaribiwa kijijini Idete kwa watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano. Ilionyesha kinga ya asilimia 31, ingawa majaribio ya baadaye kwingineko hayakuipa matumaini hayo. Majina matatu ya kwanza ni Alonso, Smith, Schellenberg. La nne ni Masanja. Kata kwenye watatu, na utafiti uliofanyika Idete, kwa watoto wa Idete, hauna hata jina moja la Kitanzania.

5.
Msininukuu vibaya. Wageni hao walifanya kazi kubwa, na anayeongoza kazi anastahili kutangulia. Shida yangu iko kwenye mkasi.

Tangu 1996, vijijini kwetu Kilombero na Ulanga kaya zilikuwa zinatembelewa kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mama aliyefiwa alikaa akajibu maswali hayo mbele ya mgeni mwenye daftari. Jina lake haliwezi kuwekwa kwenye jarida na halipaswi kuwekwa, hiyo ni siri yake na sisi manesi tumeapa kuitunza. Lakini wenzetu waliosimamia kazi ile na kuiandika majina yao yapo, yameshachapwa. Basi tukiyafuta na hayo, kwenye karatasi bonde zima linabaki mahali pa kuchukulia damu.

Mwanao akifika chuo, akasoma marejeo hamsini ya malaria na asikute jina linalofanana na la babu yake, atajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala: kwamba sisi ni wa kufanyiwa utafiti, wenzetu ndio wa kuufanya. Na ni uongo. Umetengenezwa na mpangilio wa kompyuta.

6.
Najua mtaniambia, "Nesi, hiyo ndiyo sheria ya jarida." Sawa. Ukipeleka makala kwenye jarida, fuata masharti yao hadi nukta ya mwisho. Na kweli kuna makala zina waandishi mamia, huwezi kuwaorodhesha wote kwenye ukurasa.

Ila ripoti ya chuo? Taarifa ya halmashauri? Kipeperushi tunachobandika ukuta wa kliniki? Hapo hakuna jarida. Kuna mtu tu alichagua mtindo wa kwanza uliotokea, basi sote tunaufuata kama amri. Kama ni uchaguzi wetu, tuchague vizuri.

7.
Wadogo zangu wa chuo, sasa zamu yenu. Mtindo wa marejeo ni faili dogo la maandishi, jina lake linaishia na .csl. Zotero ni ya bure, na mitindo iliyomo kwenye hazina yake, zaidi ya elfu kumi, inaruhusiwa kubadilishwa. Fanya hivi:

Kwanza, tafuta mtindo unaokaribiana na anachotaka mwalimu. Usianze kutunga kutoka sifuri.

Pili, ufungue kwenye kihariri cha mitindo kilichomo ndani ya Zotero. Kabla hujagusa kitu, badilisha jina la mtindo na kitambulisho chake, mistari ya juu kabisa. Ukiacha vya zamani, programu ikijisasisha itaufuta wako na kurudisha ule wa mwanzo.

Tatu, tafuta namba mbili. Inayoitwa et-al-min inasema majina yakifika mangapi ndipo yakatwe. Inayoitwa et-al-use-first inasema yabaki mangapi. Mara nyingi utakuta 7 na 6. Weka 21 na 20, na wale 12 wa neti wote watatokea.

Nne, Kiswahili. Mtindo unakuruhusu kuandika maneno yako badala ya yale ya Kilatini na Kiingereza. Hapa kuna mtego ambao mashine haiujui: jina likibaki moja tunasema "Abdulla na wenzake", yakibaki mengi tunasema "na wenzao". Amua kulingana na namba uliyoweka.

Hifadhi, kisha jaribu na marejeo matano ya aina tofauti: makala, kitabu, tovuti, ripoti ya serikali, tasnifu. Kosa litaonekana hapo, kabla mwalimu hajaliona.

8.
Nyongeza moja, maana hii imewaliza wengi. Ukiingiza Wizara ya Afya kama mwandishi kwenye visanduku viwili, cha jina la ukoo na jina la kwanza, programu inadhani wizara ni mtu mwenye baba. Inakutolea "Afya W." Mtindo hauna kosa hapo, hata ukiubadilisha mara mia. Badili sehemu ya mwandishi iwe kisanduku kimoja, andika jina zima.

Hali kadhalika mtu mwenye majina mawili ya ukoo. Armstrong Schellenberg ni jina moja la ukoo la mama mmoja mtafiti. Ukilitenganisha umemzaa mtu mwingine. Sisi tunaopigwa picha ya cheti na jina likatoka limekosewa tunajua usumbufu wake.

9.
Maoni yangu basi. Vyuo vya afya hapa Ifakara, na idara ya afya ya halmashauri, wakae watengeneze mtindo mmoja wa pamoja: majina hadi ishirini, maneno ya Kiswahili, taasisi zetu zimeandikwa sawasawa. Ni kazi ya siku moja kwa mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wenye kompyuta. Faili likishakamilika wanagawiana bure, na mwaka unaofuata hakuna binti anayekesha na mtoto mgongoni akihangaika na nukta na mkato.

Na wewe mama usiye na ripoti ya kuandika, mtu akikutumia ujumbe kwenye simu "utafiti unasema maziwa ya kwanza ni machafu", muulize: utafiti wa nani? Wa wapi? Mwaka gani? Akishindwa kutaja jina hata moja, huo si utafiti, mwache nao. Maziwa ya kwanza mpe mtoto.

Kesho tunarudi kwenye chakula cha mtoto aliyefikisha miezi sita. Mliopo shambani lazeni watoto ndani ya neti mapema, jua likizama tu mbu wameshaamka.