Jibu « hasi » la maabara: virusi hakuna, ao sampuli ilikuwa kidogo sana?

Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, kulikuwa sheria moja iliyokuwa ngumu kueleza kwa jamaa za wagonjwa. Mtu amepimwa, jibu ni hasi, lakini haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka apimwe tena. Kwa mama anayengojea mtoto wake nje ya uzio, ni rahisi kuwaza kwamba anadanganywa, ao kwamba Ebola ni biashara ya watu fulani.

Ila sheria hiyo ina maana. Kama damu imechukuliwa kabla ya saa 72 kupita tangu ugonjwa uanze, jibu hasi halitoshi. Virusi vya Ebola vinabeba ARN, na katika siku za kwanza ARN hiyo inaweza kuwa kidogo sana ndani ya damu, hata mashine isiione. Ndiyo sababu damu ingine inachukuliwa siku hizo zikipita.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama virusi viko ao haviko, maabara inapaswa kujua jambo lingine: je, sampuli iliyo mkononi inatosha kujibu?

Kiasi kinachopimwa ni kidogo kuliko tunavyowaza. Mashine moja ya kupima wingi wa ADN na ARN, inayoitwa spektrofotometa, inaweza kutumia mikrolita moja ao mbili tu. Tone moja la dawa ya macho lina karibu mikrolita 50. Mashine inapitisha mwangaza wa nanometa 260, mwangaza ambao macho ya mtu hayaoni, kisha inapima ni kiasi gani kimemezwa. ADN na ARN zikiwa nyingi, mwangaza unamezwa zaidi.

Njia hiyo ni ya haraka, lakini ina kasoro mbili. Kiasi kikishuka karibu na nanogramu mbili kwa kila mikrolita, hesabu yake haiaminiki tena. Pia, haijui ADN ni ya nani, wala haiwezi kutenganisha ADN na ARN. Katika sampuli ya kidonda cha mpox, pamoja na virusi mnakuwa chembe za ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na kila chembe ina ADN yake. Mashine inaweza kusema « iko nyingi », kumbe nyingi hiyo ni ya mtu, si ya virusi.

Kwa sampuli hafifu, wataalamu wanatumia fluorometa. Wanatia rangi maalumu inayowaka ikishikana na ADN, na kuna rangi ingine kwa ajili ya ARN. Njia hii inaona kiasi kidogo sana, lakini nayo haisemi kama ni ya mgonjwa ao ya virusi.

Anayetafuta virusi vyenyewe ni PCR. Inatafuta kipande kimoja kinachojulikana cha virusi na kukizidisha mara mbili kwa kila mzunguko. Mizunguko kumi inazidisha karibu mara 1.000. Kwa hiyo, mgonjwa ambaye virusi vyake vinaonekana kwenye mzunguko wa 30 ana virusi pungufu karibu mara 1.000 kuliko yule wa mzunguko wa 20. Wote wawili wanaandikiwa « chanya ».

Mashine ya GeneXpert, iliyotumika sana wakati wa Ebola ile, inafanya ukaguzi zaidi: inatafuta pia kipande cha ADN ya mtu. Kama haipati virusi na haipati hata ADN ya mtu, haisemi « hasi ». Inasema jibu ni batili, maana sampuli haikufaa. Hasi na batili ni majibu mawili tofauti, hata kama yote hayakuonyesha virusi.

Mpox ya Kamituga, Kivu ya Kusini, ilitoa somo lingine. Virusi vya aina ya Ib vilivyojulikana huko vimepoteza kipande ambacho kipimo kimoja cha kutambua aina ya I kilikuwa kinakitafuta. Hapo virusi vinaweza kuwa vingi, na kipimo hicho bado kisivitambue. Kusoma mpangilio mzima wa ADN ndiko kulikoonyesha kilichobadilika, na kazi hiyo inaanza na kupima vizuri kiasi cha ADN.

Usalama nao unaingia katika jibu. ARN inaharibika haraka ikikosa baridi. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya kuhusu maabara ya INRB mjini humo, ambayo kukatika kwa umeme kungeweza kuhatarisha sampuli zake. Umeme ukikosekana, ARN iliyokuwamo jana inaweza kuwa imepungua leo, na mashine itapima tu kile kilichobaki.

Kwa hiyo, kutuma mashine peke yake mashariki hakutoshi. Baridi ya kuaminika, wafanyakazi wanaojua kuchukua sampuli, na mtu wa kueleza jibu kwa lugha ya jamaa, vyote ni sehemu ya kipimo. Jamaa ina haki ya kuuliza: sampuli ilichukuliwa siku gani ya ugonjwa? Jibu ni hasi ao ni batili? Je, kuna kipimo cha pili, na lini?

Lakini swali moja, jamaa yenyewe ndiyo inayo jibu lake: ugonjwa ulianza siku gani? Saa 72 zinahesabiwa tangu siku hiyo. Jamaa ikificha siku ya kweli kwa woga, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani kwa jibu hasi lililokuja mapema mno, akalala katikati ya watoto wake.