Kinywaji cha Halali Kianzie Nyumbani



Kwetu Shinyanga na Geita jua ni kali na kazi ya machimbo ni nzito. Kijana akitoka shimoni ana kiu, na gongo haiko mbali. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 1, 2017, lakini kukataza peke yake hakutoshi. Mwenye kiu apewe cha kunywa.

Ukwaju na ubuyu tunao. Loweka ukwaju katika maji yaliyochemshwa, ufikiche, uchuje, tia tangawizi na sukari kidogo.

Wapo wasemao togwa ni haramu. Kwa maoni yangu, togwa mpya isiyolevya ni halali. Ikilazwa ikachacha mpaka inalevya, ni pombe, hata ikiitwa togwa. Katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa kinywaji kilicholowekwa asubuhi Mtume (s.a.w.) alikinywa jioni, na cha jioni alikinywa asubuhi. Nasi tutengeneze cha kutosha siku moja tu.

Wazazi wetu, kijana akute jagi limejaa nyumbani, asiifuate kiu kilabuni.

Wabillahi tawfiq.